Siku 9 kuzunguka Magharibi kutoka Nakuru: Kericho, Kisumu, Kakamega, Kitale, Baringo. Nipange vipi?

MamaSwaumu_Nakuru aliuliza:

Habari zenu wadau. Agosti hii, shule zikifungwa, naletewa wageni kutoka Lamu: mama mkwe wangu (miaka 66, goti la kulia linamsumbua), shemeji na mkewe, na mtoto wa miaka 9. Hawajawahi kupita Nairobi kuja upande huu. Nataka waone Bonde la Ufa, chai, ziwa, msitu na, ikiwezekana, Mlima Elgon. Tuna siku 9 kamili, Jumanne hadi Jumatano ya wiki inayofuata, na gari aina ya Noah lenye dereva. Naanza Nakuru na kurudi Nakuru. Maswali yangu ni matatu. Kwanza, tuzunguke kuelekea upande gani? Pili, wapi tutapoteza muda bure? Tatu, kuna nini cha kuogopa kwa mtoto na kwa mama? Chakula kiwe halali.

---

Dereva_wa_Kitale alijibu:

Mama Swaumu, karibu. Mzunguko huo ni kilomita 700 hivi bila michepuko, kwa hiyo umbali si tatizo. Kinachowashinda watu wengi ni miinuko na saa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kericho zaidi ya 2,000, Kisumu 1,130, Kitale 1,900, Iten 2,400, na Baringo unashuka mpaka karibu 1,000. Mtu wa Lamu atavaa sweta na kulivua mara tatu kwa siku mbili. Mwezi wa Agosti mvua ya nyanda za juu hunyesha alasiri, mara nyingi kuanzia saa nane. Basi kanuni ni moja: jambo la nje lifanywe kabla ya saa sita, na alasiri iwe ya kusafiri lami au kupumzika. Ukiipuuza utaona ukungu tu.

Zungukeni kwa kufuata Kericho kwanza, mrudie Baringo. Sababu ni Jumamosi na Ijumaa: mambo mawili ya Kakamega na Mumias yana siku zake, na ukianzia Baringo utafika huko siku hizo zimeshapita.

Jumanne ni mbuga ya Ziwa Nakuru. Jumatano asubuhi mtoke kwenda Kericho, kilomita 105 hivi, mle chakula cha mchana, mteremke kilomita 85 hadi Kisumu kupitia Ahero. Alhamisi iwe ya ziwa. Ijumaa Mumias, kisha mlale Kakamega. Jumamosi mbaki Kakamega, Jumapili alfajiri msitu, kisha mchana Kitale, kilomita 110 kupitia Webuye. Jumatatu Saiwa na Kapenguria. Jumanne ndiyo safari ndefu: Kitale, Eldoret, Iten, Kabarnet, Marigat, hadi Kampi ya Samaki, kama kilomita 220, nayo ni saa sita kwa sababu ya makona. Jumatano Baringo, Bogoria, nyumbani.

Kuhusu Elgon nitakuwa wazi: kwa Noah, Agosti, na mama mwenye goti bovu, iache. Kutoka Endebess kwenda lango la Chorlim udongo ukilowa huteleza kama sabuni, na ndani ya hifadhi unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Watu huenda kwa ajili ya pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi ya mwambani kwa pembe. Lakini ugonjwa wa Marburg umewahi kuhusishwa na pango hilo, mwaka 1980 na 1987, na popo walao matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Mtoto wa miaka 9 hana haja ya kuingia humo. Mlima wenyewe mtauona kutoka Kitale asubuhi kukiwa kweupe.

Badala yake Saiwa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa Kenya, haifiki kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kumlinda nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame topeni. Ni kama kilomita 20 kutoka Kitale, mnakata kulia kutoka barabara ya Kapenguria. Magari hayaingii, mnatembea kwenye njia za mbao na kupanda minara ya kutazamia. Mama akae mnara wa kwanza, asizunguke yote. Nzohe hutoka alfajiri na jioni. Jua likipanda huzama kwenye matete, hata pua humwoni. Fikeni lango likifunguliwa saa kumi na mbili. Mkifika saa nne mmelipa kuona matete.

Mkitoka hapo Kapenguria haiko mbali. Gereza walimofungwa wapigania uhuru Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba sasa ni makumbusho, na vyumba vyao mnaingia. Saa moja na nusu inatosha.

---

Jakisumu alijibu:

Niongeze upande wa Ziwa Viktoria, kwa sababu hapo ndipo wageni wa Pwani hukosea kwa kudhani maji ni maji.

Boti: nendeni ufuko wa Dunga, hapa Kisumu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na asubuhi ziwa limetulia. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, mawimbi yanapanda, na dhoruba za jioni huku si za mchezo. Ikifika saa nne muwe mmerudi. Mpatane bei ya boti nzima na muda wake, saa moja au mbili, kabla ya kukanyaga mbao. Mkipatana kwa kichwa, nahodha atasubiri abiria wengine na asubuhi itawaishia ufukoni. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima humpanda kichwani akianguka majini.

Gugumaji: husogezwa na upepo. Ghuba inaweza kuwa wazi leo na kesho ikajaa kijani kitupu. Pigeni simu au ulizeni jioni iliyotangulia. Likiwa limefunga Dunga, msikubali kuambiwa "tutapita tu", kwa maana huzonga rafadha na injini huzima katikati.

Kuoga ziwani: hapana, hata miguu. Kichocho cha Pwani mnachokijua ni cha mkojo wenye damu. Cha huku ni cha matumbo, hukuti damu kwenye mkojo, na ndiyo maana watu hukaa nacho miaka. Vijidudu hutoka kwa konokono wa kwenye magugu ya pembeni na kupenya ngozi kwa dakika chache. Mtoto akichovya miguu, mkaushe mara moja kwa taulo na kumsugua, kisha apimwe choo baada ya wiki sita hadi nane. Ukimpima wiki inayofuata mayai hayajaanza kuonekana, na utaambiwa yuko salama.

Malaria: kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko zote Kenya. Chandarua kila usiku Kisumu na Kakamega, mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa. Kwa hiyo homa itakayowapata wakiwa wamesharudi Lamu wasiiite uchovu wa safari. Wapimwe, na wamwambie daktari walilala Kisumu.

Alhamisi hiyo mchana, jua likiwa kali, kaeni kwenye Makumbusho ya Kisumu: kuna boma kamili la Kijaluo na nyoka wa kutosha kumfurahisha mtoto. Jioni kukipoa nendeni Kit Mikayi, kilomita 29 hivi kwa barabara ya Bondo. Ni mawe yaliyopandana kufikia mita 40 hivi. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na waelezaji wa pale wanalisimulia vizuri. Mama aketi chini, kivuli kipo, maana kupanda kati ya mawe kunataka magoti mazima.

Samaki: ngege (tilapia) ndiye wa kuagiza mzima, mbuta (sangara) huja vipande. Shika shavu la samaki kabla hajakaangwa: liwe jekundu, na jicho lisiwe limezama. Nao wajaribu omena wa kukaanga, watawafananisha na dagaa wa kwao na kuona ni wadogo zaidi. Nyama, ulizeni hoteli za karibu na msikiti wa Jamia.

---

MamaSwaumu_Nakuru:

Ahsanteni sana. Elgon nimeifuta. Dereva, umesema Mumias siku ya Ijumaa. Kuna nini? Na Kakamega siku mbili si nyingi?

---

Mwisukha_Shinyalu alijibu:

Mama Swaumu, kwa watu wa Lamu mimi ningeanza na Mumias hata kabla ya msitu. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka Pwani ilifika kwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi pale, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mji wenyewe unaitwa jina la Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Shemeji wako akisali Ijumaa katika msikiti mkuu wa Mumias atasikia Kiswahili kikiwa na lafudhi ya Kiluhya, na wazee wa pale watamkalisha wamuulize habari za Lamu. Baada ya sala nendeni Matungu, si mbali, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Nabongo na kaburi lake. Mtoke Kisumu kabla ya saa tatu, mpite Kakamega. Njiani, mkikaribia Kakamega, mtaona Jiwe Linalolia la Ilesi upande wa kushoto, nguzo ya mwamba yenye nyingine juu yake na mchirizi wa maji. Dakika 20 zinatosha, msilifanyie safari ya peke yake.

Jumamosi asubuhi ni ng'ombe kupigana, Khayega, Malinya au Shinyalu, uwanja hubadilika. Ulizeni Ijumaa jioni kwa bodaboda yeyote. Huanza mapema, watu wakicheza isukuti barabarani na fahali mbele yao, na saa nne mara nyingi kumekwisha. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Simameni upande wa juu wa mteremko, gari nyuma yenu. Fahali anayeshindwa hukimbia bila kuangalia, na hukimbilia penye watu wachache. Ukimwona mwenyeji ameondoka pale alipokuwa, nawe ondoka.

Sasa msitu. Hapa watu hupoteza pesa kwa kutojua kwamba una milango miwili yenye wenyewe wawili. Buyangu, kaskazini, ni ya Shirika la Wanyamapori. Isecheno, kusini karibu na Shinyalu, ni ya Huduma ya Misitu. Tiketi ya huku haikuingizi kule. Kwa mama mwenye goti chagueni Isecheno: kuna njia tambarare chini ya miti mikubwa, na mkuyu wa kale unaoitwa mukumu ambao mtoto ataingia kati ya mizizi yake. Kilima cha Lirhanda cha kuonea macheo kiko upande huohuo, lakini mwisho wake ni mkali. Gaweni kundi, mama abaki na mwelekezi mmoja.

Anzeni saa kumi na mbili kasoro. Saa moja hadi saa tatu ndipo mbega huota jua na ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu huruka kutoka mti hadi mti kama kuku aliyesahau uzito wake. Baada ya saa tano ni wadudu na vipepeo, navyo ni vizuri pia. Vaeni gambuti, suruali ndani ya soksi, soksi juu: siafu hupita njiani kwa mistari na wakipanda mguuni utavua nguo hadharani. Mwelekezi akisema ruka, ruka. Mwelekezi ni lazima, si kwa simba (hawapo), bali kwa sababu njia hufanana na simu hupoteza mtandao. Halafu ukweli wa darubini: bila darubini utaona vivuli, maana ndege wako mita 30 juu. Hata moja ya kuazima inatosha watu watano.

Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu. Usiku mvua ikinyesha, Noah liacheni kwenye lami Khayega na mwende kwa bodaboda, mtu mmoja kila pikipiki, mama kwanza, abebwe na mwenye pikipiki aliye mzee zaidi.

Kuku wa kienyeji, ingokho, huagizwa saa mbili kabla, na mjulisheni mpishi mnataka achinjwe na Mwislamu. Haitaleta shida Kakamega.

---

Mogotio_Ikweta alijibu:

Napingana kidogo na Dereva kuhusu siku ya nane. Mpango ni mzuri, ila hajataja breki. Kutoka Iten mnateremka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach hadi sakafu ya Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwa kilomita chache, kisha mnapanda vilima vya Tugen hadi Kabarnet, kisha mnateremka tena hadi Marigat. Noah yenye watu watano na mizigo, dereva akikanyaga breki mfululizo, breki zitanuka kabla ya Tambach. Ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia. Gari likiwa la otomatiki aweke L au 2, asiache D. Zikinuka, simameni pembeni dakika 20 hadi 30, msimwagie maji magurudumu, kwa kuwa diski ikiwa moto hupinda. Mtoto asile sana Eldoret. Makona ya Tambach hutapisha. Jazeni mafuta Iten.

Na jambo la usalama, kwa heshima: sehemu za Bonde la Kerio na Baringo zimewahi kuwa na matatizo ya wezi wa mifugo. Barabara kuu ya Kabarnet–Marigat–Kampi ya Samaki piteni mchana, mfike kabla ya jua kutua, na asubuhi mkiwa Eldoret mpigie simu mwenye nyumba mtakayolala awaambie hali.

Baringo ni ziwa la maji baridi, japo halina mto unaoonekana ukitoka. Inaaminika maji hupenya chini ya ardhi. Rangi yake ya hudhurungi ni udongo unaoletwa na mito, si uchafu. Boti saa kumi na mbili na nusu, saa moja na nusu hivi. Boko na mamba wamo, kwa hiyo mikono ndani. Usiku boko hutoka kula majani hadi kwenye bustani za nyumba za wageni. Mkienda choo cha nje, mwiteni mlinzi na tochi yake. Watu hufa kwa kukaa kati ya boko na maji.

Saa tatu mkiondoka, kabla ya saa tano mko Bogoria, lango la Loboi. Hii ni hifadhi ya kaunti ya Baringo, si ya Shirika la Wanyamapori, kwa hiyo malipo yake ni mbali na yale ya Nakuru. Maziwa haya yote yamepanda tangu miaka ya 2010, na sehemu ya barabara ya ufukoni pamoja na baadhi ya chemchemi zimezama. Usifuate ramani ya zamani, mwulize askari langoni gari linafika wapi leo. Chemchemi zinachemka kweli: mayai kwenye kikapu cha waya huiva kwa dakika 10 hivi. Ila ukoko wa ardhi ulio kando ya maji ni mwembamba na chini yake ni maji yanayochemka. Kanyageni penye nyayo za watu na mawe makubwa tu, mtoto ashikwe mkono muda wote, si kwa maneno bali mkononi.

Na flamingo mtawaona zaidi hapa kuliko Nakuru. Wanakula mwani wa maji ya chumvi kali. Ziwa Nakuru lilipojaa, chumvi ilipungua ukali na chakula kikapungua, wakahamia. Waambie wageni mapema, ili Jumanne ya kwanza wasikasirike.

---

MamaSwaumu_Nakuru:

Hilo la flamingo limeniokoa, nilikuwa nimewaahidi ziwa la waridi. Basi Nakuru siku ya kwanza tukaone nini? Na malipo?

---

Dereva_wa_Kitale:

Mogotio yuko sahihi kuhusu gia, nilipaswa kusema.

Nakuru ni ya vifaru. Weusi na weupe wote wamo, na uwanda wa kusini mwa ziwa asubuhi ndipo penye nafasi nzuri. Twiga wa Rothschild pia. Ndovu hawamo kabisa, msimwahidi mtoto. Ingieni saa kumi na mbili, endeni moja kwa moja kusini hadi maporomoko ya Makalia, kisha rudini na kupanda Baboon Cliff kabla ya mchana. Nyani wa pale juu hufungua milango ya gari. Vioo viwe juu na chakula kiwe chini ya viti, si mikononi mwa mtoto. Saa saba mmemaliza, na jioni mama akiwa na nguvu mwende Hyrax Hill, kilomita 4 tu kutoka mjini, mkaone mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mtu wa Lamu anajua bao.

Malipo ya mbuga za Shirika, Nakuru na Saiwa, ni kupitia eCitizen, pesa taslimu hawapokei langoni. Fungua akaunti nyumbani, lipa jioni iliyotangulia, piga picha risiti, kwa sababu mtandao wa Saiwa ni wa kubahatisha. Kila mtu mzima awe na kitambulisho halisi ili mpate bei ya raia. Mtoto abebe cheti cha kuzaliwa au nakala.

---

Jakisumu:

Moja nimesahau, Mama Swaumu. Jumatano mkitoka Nakuru, kati ya Salgaa na Mau Summit malori hupoteza breki mteremkoni. Piteni mchana, achia nafasi ya lori zima mbele, usiwe katikati ya malori mawili. Kericho msiingie mashamba ya chai bila kuomba, ni mali za watu. Piga picha ukiwa kando ya barabara, au mwombe mchumaji kwanza. Na sweta la mama liwe mkononi, si kwenye buti la gari. Huko atalitaka saa sita mchana.

---

MamaSwaumu_Nakuru:

Nimeandika yote. Dereva wetu nimeshamwambia habari ya gia 2, na darubini naazima kwa jirani. Nyumba za Kampi ya Samaki naanza kupiga simu leo.